Tumbo Lisilouma

Jumamosi, 6 Januari

Kilomita 25, barabara ya Moiben. Vumbi mpaka kwenye meno.

Kocha Biwott ametugawia madaftari mapya tuandike kilomita, usingizi na hali ya mwili, tumrudishie kila mwisho wa mwezi. Wengine huandika "poa" siku thelathini mfululizo. Mimi nimemwambia langu simrudishii, nitamsomea namba tu.

"Bingwa ana siri," akasema.

Nikacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Haya. Mimi Rael Jebitok, miaka thelathini na tatu, mke wa Luka, mama wa Jerop, bingwa wa dunia wa zamani wa mita elfu kumi, leo nimeanza kujifunza kukimbia upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Tarehe 14 Aprili nakimbia marathoni yangu ya kwanza, Uholanzi. Uwanjani nimekwisha. Wasichana wa miaka ishirini wananipita huku wanapiga soga. Iliyobaki ni barabara, na nikiikosa hiyo nitakaa Iten nikamue ng'ombe na kuwaonyesha wageni medali.

Kocha amenikabidhi kwa Jemeli. Amekimbia marathoni kumi na moja, hajawahi kuingia tatu bora hata moja, lakini hakuna anayezijua kama yeye. "Na si nyinyi ni kama mapacha?" Kocha akasema. Tulilala kitanda kimoja shuleni Tambach, chumba kimoja kambi ya taifa. Jemeli alinikumbatia mbele ya kundi zima, akasema amengoja siku hii miaka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumapili, 7 Januari

Kanisani. Nimesinzia kwenye mahubiri.

Jumamosi, 13 Januari

Kilomita 30. Kundi letu lina sheria moja tu: hakuna kujibanza nyuma mpaka mwisho. Kila kilomita tano aliye mbele huinua mkono, husogea pembeni, na anayefuata huchukua upepo. Mimi nimelelewa uwanjani, na uwanjani mjanja hukaa mgongoni mwa mwenzake mpaka kengele ilie. Leo zamu yangu ilipofika nilikuwa nimejisahau kabisa, Jemeli akaishika yeye.

Mwishoni tulisimama dukani kunywa chai. Wasichana wadogo wakaanza kulalamika juu ya malengelenge, na Jemeli akawakatiza.

"Nyinyi mnalilia kidole? Huyu mnayemwona hapa, fainali ya dunia, mzunguko wa kumi na saba tumbo limemkaza, hawezi kushika zamu yake. Ananiashiria hivi." Akashika tumbo, akatikisa kichwa. "Nikaongoza mimi, yeye akatulia nyuma yangu. Mizunguko minane! Halafu mwisho akatoka na tumbo lake lile lile, akashinda dunia. Nyinyi mkisikia kengele mnatafuta choo."

Wakacheka. Naum, mwenye miaka kumi na tisa na mdomo usio na kufuli, akauliza, "Na wewe ulikuwa wa ngapi?"

"Wa nne," Jemeli akasema, kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Miaka tisa anaisimulia hadithi hii. Kila kundi la wasichana wapya linaipata pamoja na chai. Tumbo lilikuwa linauma siku ile. Kidogo.

Ijumaa, 19 Januari

Saa ya mkononi imekufa. Nimekimbia kwa kukisia, na sijawahi kujisikia vizuri hivyo mwezi huu.

Jumamosi, 27 Januari

Uwanjani hatunywi kitu. Marathoni kila kilomita tano kuna meza na chupa yako ya kinywaji chenye sukari, na usipokunywa mwili huzimika kama taa. Leo Jemeli amenifundisha kunyakua chupa nikiwa mbioni. Nimeangusha mbili, ya tatu ikaniingia puani. Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

Kundi lote huchanganya vijiko vinne vya unga wa kinywaji hicho kwa chupa. Yangu alitia kimoja, na tangawizi.

"Vinne ni vya wenye matumbo," alisema. "Lako nalijua mimi. Tutaenda nalo pole pole."

"Labda limeshapona, Jemeli. Ni miaka tisa."

"Wee! Tumbo halisahau."

Pale ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, na tulikuwa wawili tu. Nikanywa maji yangu ya tangawizi, nikasema ni matamu.

Jumatano, 31 Januari

Kilomita 18 nyepesi. Ng'ombe mwekundu kazaa.

Jumamosi, 10 Februari

Kilomita 35. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni Kerio, mkavu, unakausha macho. Jemeli alinikinga karibu njia nzima. "Wewe ni mgeni wa barabara," alisema, "zamu zako nitakimbia mimi mpaka uzoee."

Nimekaa nyuma ya mgongo wake mwezi mzima na nimeanza kuujua. Hutema mate upande wa kushoto tu. Kwenye mteremko hunung'unika wimbo wa kanisa. Fulana yake ni ile ile ya kambi ya taifa, imefifia mpaka bendera haionekani. Na kila kilomita hugeuka kunitazama kama nipo. Ndivyo alivyogeuka siku ile, uso wote umejaa wasiwasi, si wa kwake, wangu.

Nitaandika kitu kimoja halafu niende kukamua. Siku ile tumbo halikuwa linauma. Hata kidogo.

Jumatatu, 12 Februari

Nimelihamishia daftari hili kwenye debe la mahindi.

Jumamosi, 24 Februari

Kilomita 38 zilikuwa kwenye ratiba. Nimekimbia 33.

Mpaka ya 30 nilikuwa naimba moyoni. Ya 31 miguu ikawa ya mtu mwingine. Ya 32 niliona nyumba zinaenda kando. Ya 33 nilikaa chini pembeni ya shamba la ngano la watu, na sikumbuki kuamua kukaa. Kundi likapita. Jemeli akarudi. Mbio zake nzuri kuliko zote mwaka huu, aliniambia Kocha baadaye, na akaziacha akarudi.

Alinipangusa uso kwa fulana yake. Kocha akashuka kwenye gari na kuuliza nimekula nini, nimekunywa nini.

"Ni tumbo lake, kocha," Jemeli akajibu kabla sijafungua mdomo. "Hata kile kijiko kimoja kimelishinda. Ni kosa langu. Wiki ijayo tunatia nusu."

Nusu! Nimeanguka kwa njaa ya sukari na dawa yake ni kuipunguza. Kocha akanitazama, akitaka nikubali au nikatae, mimi ndiye mwenye mwili. Nikasema, "Sawa, nusu."

Sasa hesabu ni rahisi hata kwangu niliyeacha shule kidato cha pili. Nikinyamaza, naanguka kilomita ya 33 Uholanzi mbele ya dunia. Nikisema, nampoteza Jemeli. Na aibu yenyewe ni kwamba nimekaa jioni nzima nikitafuta njia ya tatu.

Jumanne, 27 Februari

Njia ya tatu nimeijaribu leo. Nilimwambia nimekwenda hospitali, nikapimwa, tumbo ni zima kabisa, nianze vijiko vinne. Uongo juu ya uongo, kama bati juu ya bati.

Alinishika mkono. "Rael. Usijifanye shujaa kwangu mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua." Halafu akasema ana shangazi kule bondeni anayejua mizizi.

Ninaficha afya, si maradhi. Sidhani kuna methali yake.

Jumatano, 6 Machi

Mizizi ya shangazi, siku ya nne, chungu kama nyongo. Sasa tumbo linauma kweli. Nimekimbilia kichakani mara tatu, na Jemeli alisimama barabarani akinilindia, akiwaambia wapita njia wageuze macho. Mungu ana utani.

Jumamosi, 9 Machi

Sikukimbia. Jerop ameniuliza kwa nini nazungumza peke yangu zizini.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua imeanza. Imepiga bati tangu asubuhi na barabara ya Moiben ni uji. Tumekimbia 28 kwenye lami, malori yanatuogesha tope. Luka yuko sokoni, mtoto kalala na mafua. Naandika yote, niyaone yamekaa kwenye karatasi.

Kabla ya fainali ile tulipatana chumbani, mimi na Jemeli. Tungepokezana mbele, mizunguko miwili miwili, tuwachoshe Waethiopia, halafu mwisho kila mtu na miguu yake. Zamu zangu za kwanza nilizishika, mwendo ukiwa bado wa chini. Mzunguko wa kumi na saba Jemeli akasogea nje anipishe. Nikashika tumbo, nikatikisa kichwa. Akarudi mbele. Hakuuliza. Akaburuta fainali nzima mizunguko minane, na kila mzunguko akageuka kunitazama, na kila alipogeuka nilikunja uso. Kengele ilipolia nikampita. Wawili wengine wakampita. Aliyechukua nafasi ya tatu alimshinda kwa bega tu.

Halafu Jemeli akaja mbio, anahema, hawezi kusimama wima, akauliza, "Tumbo vipi?" Nilikuwa na bendera mabegani. Nikasema, "Bado."

Hilo lilikuwa baya, lakini hapa ndipo pabaya zaidi na sijawahi kulisema hata kwa Mungu kwa maneno. Sikuamua mzunguko wa kumi na saba. Niliamua kabla, kwenye chumba cha kusubiria, tumekaa kwenye benchi. Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka, kwa hiyo Jemeli alikuwa ananifungia namba mgongoni kwa pini. Niliuhisi mkono wake unanyoosha kile kitambaa kisikunjane, na nikawaza: huyu akiniona naumwa ataniongozea mpaka mwisho.

Wa nne hana medali, hapandi cheo kazini, hapigiwi simu na mtu. Mwaka uliofuata hawakumwita kambi. Ndipo akaenda barabarani. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka tisa na bado naikimbia.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. 22. Nusu kijiko.

Jumanne, 26 Machi

Nimemwambia.

Nilikwenda kwake saa nne asubuhi. Alikuwa jikoni na chupa kumi na sita mezani, nane zangu na nane zake, naye pia yumo kwenye mbio za Uholanzi. Kila chupa hufungwa uzi wa rangi ili uitambue mezani ukiwa mbioni. Zake za kijani, zangu nyekundu. Zangu alikuwa amezifunga uzi mara mbili ili zionekane vizuri zaidi.

"Kaa, chai iko," alisema. "Nimeota umevuka mstari unacheka."

"Jemeli, tumbo langu halijawahi kuuma."

"Nani kasema? Hujaona kichakani juzi?"

"Siku ya fainali. Halikuuma. Nilikudanganya."

Aliendelea kufunga uzi. Nilidhani hakusikia kwa kelele za mvua, nikarudia, kwa sauti, karibu nipige kelele. Akaweka chupa chini.

"Uliogopa," akasema. "Ulichoka, ukaogopa. Mzunguko wa kumi na saba kila mtu huogopa."

Aliniwekea mlango wa kutokea, hata pale. Ningeupita tungekuwa bado marafiki. Nikamwambia kuhusu chumba cha kusubiria, benchi na mawazo yangu.

"Nilikuwa nakufungia namba," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatetemeka. Nikakuambia usiogope, tuko wawili."

"Ndiyo."

Alilia bila kufunika uso. Sijamwona Jemeli akilia tangu mazishi ya baba yake. Kisha akaniuliza jambo moja tu, polepole, kama anayetafuta kitu gizani: "Sasa mimi niwaambie nini wale wasichana? Miaka tisa nawaambia."

Nikanyoosha mkono nimshike. Akasema, "Toka, Rael. Mvua au si mvua, toka tu."

Jumatano, 27 Machi

16. Peke yangu.

Alhamisi, 28 Machi

Mazoezi ya kasi ya kundi. Jemeli alikuwepo. Amekimbia upande wa pili wa barabara.

Jumamosi, 30 Machi

Kundi zima, watu kama thelathini, tumejikunyata chini ya bati la duka tukingoja mvua ipungue tuanze. Naum, na mdomo wake, akasema, "Jemeli, tupe ile ya tumbo, tupashe mwili."

Jemeli alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa. "Muulize mwenyewe. Mwenye tumbo si huyo?"

Nyuso zote zikanigeukia, zikicheka tayari. Miguu iliniambia kimbia, na ndiyo kazi inayoijua. Nikasema. Nilisema yote, na benchi, na pini, na lile "bado" langu. Mwanamume mmoja nyuma akacheka peke yake, akaona hakuna wa kumsaidia, akanyamaza. Naum alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji.

"Kwa hiyo mimi mwaka jana nilikimbia Kapsabet naumwa kweli," akasema, "nikasema Rael aliweza. Nikalazwa."

"Nisamehe, Naum."

"Haya basi," akasema. Haikuwa ndiyo.

Kocha akatazama saa. "Dakika mbili. Jipangeni."

Tukakimbia 36. Zamu yangu ilipofika nikaenda mbele, na nilipoinua mkono baada ya kilomita tano hakuna aliyenipokea. Nikaendelea. Kumi. Kumi na tano. Waliniacha mbele ya mvua mpaka nyumbani, na sikuwalaumu.

Luka alikuwa ameshapata habari kwa mtu wa bodaboda kabla sijafika. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria.

"Miaka tisa nakupikia uji wa tumbo," alisema.

"Najua."

"Mtama sipendi kusaga. Nilikuwa nasaga."

Akaingia ndani. Uji alinipikia hata hivyo, ila hakutia sukari.

Jumatano, 3 Aprili

Asubuhi nimekuta mfuko umetundikwa getini. Chupa nane, uzi mwekundu mara mbili, na kopo la unga. Hakuna barua. Juu ya kopo kuna kipande cha karatasi kwa mwandiko wa Jemeli: *vinne kila chupa.* Nilikaa kwenye nyasi mbichi nikalia kama mtoto. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 6 Aprili

Kilomita 30, vijiko vinne. Nimemaliza kama ninayeanza.

Ijumaa, 12 Aprili

Uholanzi. Baridi, mifereji, baiskeli. Tuko hoteli moja, meza moja ya chakula. Jemeli huniomba chumvi kwa adabu kamili. "Nisogezee chumvi, tafadhali." Miaka ishirini na mbili hajawahi kuniambia tafadhali.

Jumatatu, 15 Aprili

Jana nimekimbia marathoni.

Waethiopia wawili waliondoka kilomita ya 26 na hakuna aliyeweza kuwafuata. Ya 30 wavuta mwendo, waliolipwa watuongoze mpaka hapo, wakatoka barabarani, na tukabaki mimi na Jemeli tu, tukiwania nafasi ya tatu na ya nne. Pale ndipo njia hugeuka ikafuata mfereji, na upepo ukatupiga kifuani kama mlango. Jemeli akaenda mbele kwa mazoea yake. Nikampita, nikakaa mbele yake.

Nikiwa na akili timamu ningejibanza mgongoni mwake mpaka mita mia nne za mwisho. Kila mkimbiaji wa uwanjani angefanya hivyo, ndiyo silaha pekee niliyo nayo. Lakini mgongo ule sikuweza tena kujificha nyuma yake. Nikachukua upepo kilomita ya 31, ya 32, ya 33. Nilimsikia anahema. Kila kilomita niligeuka kumtazama kama yupo.

Ya 37 akaja ubavuni.

"Toka mbele."

"Bado."

"Rael, toka! Nani kakutuma?"

"Ni zamu zangu."

"Zamu za mwaka gani?" Alikuwa amekasirika mpaka mate yanamruka. "Sikiza. Ukiniachia nafasi, naketi hapa hapa barabarani, uniruke. Umesikia? Usinidanganye mara ya pili."

"Sikuachii."

"Kimbia yote."

"Nakimbia yote."

Tukapokezana tangu hapo, kilomita kwa kilomita, na nitasema ukweli: zilikuwa kilomita nzuri kuliko zote nilizowahi kukimbia. Ya 41 tulikuwa bega kwa bega. Nikaona bango la mita mia nne. Mita mia nne ni zangu, nimezila maisha yangu yote. Na ndani ya kichwa changu, naandika bila kuficha, kukawa na sauti mbili. Moja ikasema mwache. Nyingine ikasema ukimwacha umemuibia tena. Niliisikiliza ya pili. Nikakanyaga.

Hapakuwa na kitu. Nilikanyaga pale ninapokanyaga siku zote na miguu haikujibu. Jemeli akaniacha hatua moja, tatu, saba. Wa tatu, Jemeli. Wa nne, mimi, sekunde nne nyuma.

Nilimkuta amelala chali, blanketi limefunika kifua, anacheka na mawingu. Nikapiga magoti. "Wa tatu!" nikamwambia. "Jemeli, wa tatu!" Akanishika shingo, akanivuta, na kwa muda wa pumzi tatu hivi tulikuwa Tambach tena.

Halafu mkono wake ukalegea.

"Ulikimbia yote?"

"Yote."

"Mwisho pale. Ulikanyaga kweli?"

"Nilikanyaga. Hapakuwa na kitu."

"Ungekaa nyuma yangu kwenye upepo ungenishinda."

"Labda."

"Si labda." Akanitazama muda mrefu, jicho moja kisha la pili, kama anayekagua noti. "Apa."

"Haki ya Mungu."

"Hata siku ile ungeapa," akasema, na akageuza uso upande wa pili.

Alhamisi, 18 Aprili

Uwanja wa ndege wa Eldoret walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Mama yake Jemeli, na miaka yake sabini, alibeba mwenyewe kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Jemeli hajawahi kupokewa hivyo maishani. Walimvisha shingoni majani ya sinendet, yale ya washindi, akanywa, maziwa yakamchirizika kidevuni, wanawake wakapiga vigelegele, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilimwona amesahau.

Kisha jamaa mwenye kipaza sauti akapanda juu ya gari.

"Iten imesikia yote! Bingwa wetu Rael ametubu, tena kwa vitendo! Kamkingia dada yake upepo, kampa nafasi ya tatu kwa mkono wake mwenyewe! Huo ndio moyo! Makofi kwa Rael!"

Wakapiga makofi. Wale wale walioniacha mvuani. Hata Naum alipiga. Mama yake Jemeli akaja akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, "Asante, mwanangu. Asante kwa kumpa."

Nikampokonya yule mtu kipaza sauti. "Sikumpa! Alinishinda! Nilikimbia nguvu zangu zote na akanishinda!"

"Mnaona unyenyekevu?" akapiga kelele hata bila kipaza, na umati ukanguruma zaidi.

Nilimtafuta Jemeli kwa macho. Alikuwa ameshatabasamu lile tabasamu la kumwomba mtu chumvi.

Garini tulikaa kiti cha nyuma, mimi na yeye. Tulipofika kwenye msitu alivua yale majani, akayaweka kitini kati yetu, taratibu, yasivunjike.

"Nataka kukuamini, Rael," akasema. "Najaribu tangu Jumapili."

"Ilikuwa kweli."

"Pengine. Lakini nani atajua?"

Gari likafika Iten. Aliposhuka majani aliyaacha pale, na dereva akaniuliza kama ni yangu.

Nilikimbia yote. Nimeliandika neno hilo mara tatu na kulifuta mara mbili, kwa sababu nikilisoma linafanana na maneno mengine yote niliyowahi kumwambia. Nilikimbia yote, Jemeli. Ulinishinda.